Biashara ya India na Afrika: Urafiki wa Bahari na Haja ya Maandishi

*Hotuba iliyotolewa Mtwara mbele ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wakulima, wafanyabiashara wa mazao na wanafunzi.*

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa serikali na wa ushirika, ndugu wakulima, ndugu wafanyabiashara, vijana wetu wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa kibiashara kati ya India na bara letu la Afrika. Mada hii ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kuizungukia siku nzima bila kumgusa hata mmoja wa waliokaa hapa, na kwa sababu hiyo nimeamua kukaa zaidi kwenye mazao mawili, mbaazi na korosho, maana ni kupitia mazao hayo ndipo mkulima wa Masasi, Nachingwea, Tandahimba na Babati anapokutana na India kila msimu, hata kama hajawahi kumwona mnunuzi wa mwisho kwa macho yake. Hoja yangu naitoa mapema. Sisi Waafrika tumeiuzia India kwa kutegemea urafiki na mahitaji ya msimu, wakati India yenyewe huamua mambo yake kwa maandishi, yenye tarehe na yenye kiasi. Na tofauti hiyo ndiyo iliyomtia hasara mkulima wetu kuliko ukame, kuliko wadudu, na kuliko hata udanganyifu wa mizani.

Ukubwa wa biashara yenyewe hauna ubishi. Katika mwaka wa fedha wa India wa 2022/23, biashara ya bidhaa kati ya nchi hiyo na bara zima la Afrika ilikaribia dola za Marekani bilioni 98, ingawa mwaka uliofuata ilishuka. Biashara kati ya India na Tanzania peke yake ilizidi dola bilioni 6 katika mwaka huo wa 2022/23. Hata hivyo, naomba takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya kile Afrika inachoiuzia India ni mafuta ghafi ya Nigeria na Angola, makaa ya mawe ya Afrika Kusini na Msumbiji, fosfati ya Morocco na dhahabu, na katika mauzo ya Tanzania kwenda India dhahabu imekuwa na uzito mkubwa sana katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo kiongozi akisimama na kusema kwamba mauzo yetu India yamepanda, anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado mkulima wa mbaazi akawa amelala njaa mwaka huo huo. Tani ya dhahabu na tani ya mbaazi zikijumlishwa kwenye safu moja ya hesabu, mbaazi hazionekani kabisa.

Ukale wa uhusiano huu nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaujua. Kaskazi ilivumisha majahazi ya Kutch na Kathiawar, huko pwani ya magharibi ya India, hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa yakiwa na nguo na nafaka, na Kusi ikayarudisha na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Jambo moja tu la enzi hizo ningependa likumbukwe, kwa sababu linahusu hoja yangu. Katika karne ya 19, ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikuwa ukikusanywa kwa miaka mingi na kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kutch, na mpango huo ulisimama juu ya mkataba: kampuni ilimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kwa kipindi kilichokubaliwa, na kilichozidi kikawa chake. Tunaweza kujadili kama mkataba ule ulikuwa wa haki, lakini kila upande ulijua unadai nini na unadaiwa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee wetu wa pwani waliyasema hayo wakiwa wamekaa karibu kabisa na watu wenye madaftari.

Sasa nije kwenye mbaazi, na hapa nitakaa muda mrefu.

Mhindi wa kawaida hula dali karibu kila siku, na dali ya mbaazi ndiyo inayopendwa katika majimbo mengi, hasa ya magharibi na kusini. India ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa zao hili, na ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote. Kwao mbaazi hupandwa mvua za monsuni zinapoanza, mwezi Juni na Julai, na huvunwa kuanzia Desemba. Kwetu, mbaazi za kusini na za Manyara huanza kuvunwa Julai na Agosti. Kwa hiyo Mungu ametupa dirisha la miezi michache ambapo maghala ya India yanapungua, mavuno yao mapya bado yako shambani, na zetu ziko tayari kwenye magunia. Biashara yote ya mbaazi kati ya Afrika Mashariki na India imesimama juu ya dirisha hilo. Likifunguliwa tunapumua, likifungwa hatuna pengine pa kuzipeleka kwa wingi, kwa kuwa hakuna nchi nyingine duniani inayonunua mbaazi kwa kiwango hicho.

Mwaka 2015 India ilikumbwa na ukame. Mavuno ya mbaazi ya msimu wa 2015/16 yalikuwa takriban tani milioni 2.56, na mwezi Oktoba 2015 bei ya dali hiyo katika masoko ya miji mikubwa ilifika rupia 200 kwa kilo. Bei ya dali kule ni jambo la kisiasa kama bei ya unga ilivyo kwetu, na serikali ilichukua hatua mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa kumtia moyo mkulima wake kwa kupandisha bei ya chini ya kununulia mazao, ambayo kwa mbaazi za msimu wa 2016/17 ilifika rupia 5,050 kwa kila kilo 100. Ya pili ilikuwa kutafuta mbaazi nje. Mwezi Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alizuru nchi nne za Afrika, zikiwemo Msumbiji na Tanzania. Akiwa Maputo, India na Msumbiji zilisaini makubaliano ambayo kwayo India ingechukua tani 100,000 za mbaazi katika mwaka wa 2016/17, kiasi ambacho kingeongezeka mwaka hadi mwaka mpaka kufika tani 200,000 mwaka 2020/21. Siku chache baadaye alifika Dar es Salaam, na hapo pia yalisainiwa mambo ya maana, ukiwemo mkopo wa dola milioni 92 kwa ajili ya maji Zanzibar na ushirikiano katika viwanda vidogo. Kiasi cha mbaazi za Tanzania hakikuandikwa.

Ndugu wakulima, mnajua kilichofuata kuliko mimi. Mvua zilirudi India, wakulima wao walikuwa wameitikia ile bei nzuri, na mavuno ya 2016/17 yakaruka hadi takriban tani milioni 4.87, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Bei ndani ya India ikaanguka chini ya ile bei ya chini ya serikali, wakulima wao wakalalamika kwa haki kabisa, na tarehe 5 Agosti 2017 Kurugenzi Kuu ya Biashara ya Nje ya India ilitoa tangazo la kuzuia uagizaji wa mbaazi usizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Tangazo lilitoka wakati ambapo huku kwetu watu walikuwa wakivuna. Mkulima ambaye msimu mmoja au miwili iliyopita aliuza kilo kwa zaidi ya shilingi 2,000 alikuta akitajiwa mia chache tu, na wapo walioziacha zikakaukia shambani kwa sababu gharama ya kuzivuna ilizidi fedha ambayo zingeleta. Ada za shule, mabati ya nyumba na madeni ya mbegu vyote vilikuwa vimepangwa juu ya bei ya mwaka uliopita.

Naomba nisome hapa kifungu kimoja kwa maana yake, kwa sababu ndicho kiini cha hotuba hii. Tangazo lile lilisema kwamba zuio halitahusu ahadi ambazo serikali ya India ilikwisha kuziingia kwa makubaliano na nchi nyingine. Kwa lugha nyepesi, aliyekuwa na karatasi alibaki mlangoni, na asiyekuwa nayo alifungiwa nje. Sisi na Msumbiji tunapakana kwa mto Ruvuma, tunalima mbaazi ile ile, katika udongo ule ule, tukivuna wakati ule ule. Kilichotutofautisha siku ile kilikuwa saini.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba saini ilimaliza matatizo ya Msumbiji. Wakulima wa Zambézia na majimbo ya jirani nao walishuhudia bei ikiporomoka vibaya mwaka huo huo wa 2017, licha ya makubaliano yao. Sababu zake zinafundisha. Makubaliano yalitaja kiasi, hayakutaja bei wala namna ya kuikokotoa. Na nafasi ya kuuza ndani ya kiasi hicho haikuwa mikononi mwa mkulima, ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye vibali na maghala bandarini. Kwa hiyo tunapodai maandishi, tusidai maandishi yoyote tu. Karatasi inayotaja tani bila kutaja nani ana haki ya kuziuza itamtajirisha mwenye ghala na kumwacha mwenye shamba alipokuwa.

Mwezi Mei 2021 India ilifungua tena mlango, ikaruhusu mbaazi ziingie bila kikomo cha kiasi, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa muda mara kwa mara. Mwaka huo huo iliingia makubaliano na Malawi ya tani 50,000 kwa mwaka. Bei nzuri mlizoziona kwenye minada ya stakabadhi ghalani, ambako mazao hukusanywa ghalani kwanza ndipo yakauzwa kwa mnada, katika miaka iliyofuata zilitokana kwa sehemu kubwa na hali hiyo, pamoja na mavuno hafifu ya India yenyewe. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba tatizo la 2017 limekwisha. Ruhusa ya muda ina tarehe ya ukomo. Kila inapoongezwa, inaongezwa kwa sababu India ina upungufu, na siku upungufu utakapokwisha hakuna kitu katika sheria kinachozuia tangazo jingine kutoka usiku mmoja kabla ya mnada wa Masasi.

Wala silaumu. Serikali ya India ina wajibu kwa wakulima wake na kwa walaji wake, na ilichofanya mwaka 2017 ndicho ambacho bunge letu lingedai serikali yetu ifanye kama mahindi ya nje yangekuwa yanawaua wakulima wa Rukwa na Ruvuma. Tumeliona tena jambo hili kwenye mchele. India huuza takriban asilimia 40 ya mchele wote unaouzwa kati ya nchi na nchi duniani, na tarehe 20 Julai 2023 ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati ili kutuliza bei za ndani. Nchi za Afrika Magharibi zinazotegemea mchele huo, kama Benin na Senegal, zilijikuta katika wakati mgumu. Hata hivyo marufuku ile iliacha mlango mdogo: nchi ambayo serikali yake iliandika kuomba ilipewa kiasi maalumu, na nchi kadhaa za Afrika zilipata, Tanzania ikiwemo. Hapo pia aliyeandika alijibiwa.

Ningekuwa mtu asiye na shukrani kama ningezungumza juu ya mbaazi na mchele nikaacha dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na kila mtu mzima aliyepo ukumbini humu anakumbuka jinsi tulivyokuwa tukizika wakati huo. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Dakta Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba ingeweza kutoa mchanganyiko wa dawa tatu kwa chini ya dola moja kwa siku, yaani dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya misaada. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu sheria ya hataza, yaani ya kulinda haki za wavumbuzi, ya India ya mwaka 1970 iliruhusu viwanda vyao kutengeneza dawa kwa njia zao wenyewe hata pale ambapo dawa hiyo ilikuwa imelindwa na hataza kwingineko. Ile haikuwa bahati njema tu. Ilikuwa ni sera ya viwanda iliyoandikwa na kusimamiwa kwa miaka 30, na matunda yake yakawaokoa watu wa Kagera, Njombe na Kisumu ambao hawakuwahi kuisikia sheria hiyo. Mamilioni ya Waafrika wako hai leo kwa sababu ya biashara hii, na hilo lazima lisemwe kwa sauti.

Hata katika dawa, hata hivyo, urafiki haufuti haja ya ukaguzi. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walifariki kwa vifo vilivyohusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizotengenezwa India, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwezi Oktoba mwaka huo. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika hilo kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa. Mamlaka ile ni sehemu ya biashara yetu na India kama ilivyo bandari, na fedha zinazotengwa kwa ajili yake zisihesabiwe kuwa anasa.

Sasa korosho, ambayo hapa Mtwara haihitaji utangulizi. Viwanda vya Kollam, katika jimbo la Kerala, vimekuwa vikibangua korosho za Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Wanaofanya kazi humo wengi wao ni wanawake, wenye ujuzi uliorithiwa kutoka kwa mama zao, na India yenyewe hailimi korosho za kutosha kuvilisha viwanda vyake, hivyo zaidi ya nusu ya korosho ghafi zinazobanguliwa huko huagizwa kutoka nje, hasa Afrika. Vietnam imejiunga na njia hiyo hiyo kwa mashine na kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la biashara na maendeleo, UNCTAD, ulieleza kwamba chini ya asilimia 15 ya korosho zinazolimwa Afrika ndizo zilizokuwa zikibanguliwa barani humu.

Tulijaribu mapema. Katika miaka ya 1970, Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua korosho kadhaa katika mikoa hii, baadhi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lakini vilipokuwa vinakamilika uzalishaji wenyewe ulikuwa unaanguka: kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, mwaka ambao ulifuatiwa na kuhamishwa kwa wakulima mbali na mikorosho yao, hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Vingi vya viwanda hivyo viligeuka maghala. Msumbiji nao walikuwa na viwanda vinavyofanya kazi, lakini katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, walipunguza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi kwa hoja kwamba mkulima angelipwa zaidi na mnunuzi wa India. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi, na nyongeza iliyomfikia mkulima ikawa ndogo mno, kwa sababu wanunuzi wa kati walibaki wachache na wenye nguvu kama zamani. Msumbiji baadaye ilirudisha ushuru huo. Nawaomba vijana wanafunzi wasome kwa kina kisa hicho cha Msumbiji, kwa kuwa kinafundisha uchumi wa zao hili kuliko vitabu vingi.

Kwa upande wake, India hailindi mkulima tu, inalinda kiwanda pia. Katika bajeti ya mwaka 2019 ushuru wake wa kawaida wa forodha kwa korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, zinazoingia kutoka nje, kabla ya kuangalia nafuu zinazotolewa kwa nchi maskini, ulipandishwa hadi asilimia 70, wakati korosho ghafi huingia kwa ushuru mdogo sana. Ujumbe wake unasomeka wazi: tuleteeni zikiwa na maganda. Sisi tuna tozo yetu ya kusafirisha korosho ghafi, ya asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, na kongani ya viwanda ya Maranje inajengwa kwa nia ya kubadili mambo. Naiunga mkono nia hiyo kwa moyo wote. Ila nasema kwa dhati kwamba kiwanda cha kubangua hakiwezi kuishi kwa kushindana mnadani bei kwa bei na mnunuzi wa Kollam au wa Vietnam ambaye ana mkopo wa riba nafuu kutoka benki ya kwao, wakati mbanguaji wetu anakopa kwa riba ya juu na analazimika kununua korosho za mwaka mzima ndani ya wiki chache. Côte d'Ivoire, ambayo sasa ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilitoa ruzuku kwa kila kilo ya korosho karanga iliyosafirishwa, na kiasi wanachobangua kimeongezeka sana. Tozo peke yake humzuia mgeni, haimwezeshi mwenyeji.

Baada ya hayo yote, tufanye nini? Nina mambo machache.

Lililo kubwa ni kwamba serikali yetu iombe, na vyama vya ushirika viidai iombe, makubaliano ya mbaazi na India yanayotaja kiasi cha chini kitakachonunuliwa kila mwaka katika miezi ya dirisha letu, yaani kuanzia Agosti hadi Novemba, na yanayotaja notisi. Ikiwa India italazimika kuzuia uagizaji, basi zuio lisihusu mavuno ambayo tayari yako shambani. Mkulima anapanda mbaazi pamoja na mahindi mwezi Desemba au Januari na kuvuna zaidi ya miezi sita baadaye. Notisi isiyofikia msimu mmoja kwake si notisi. Na nafasi za kuuza ndani ya kiasi hicho zipitie minadani, kwa mfumo huu wa stakabadhi ghalani tulio nao, ili kosa la Msumbiji lisirudiwe kwetu. Hali ya kisiasa inaruhusu ombi hili. Rais Samia Suluhu Hassan alizuru India Oktoba 2023 na uhusiano ukapandishwa hadhi kuwa ushirikiano wa kimkakati. Chuo cha teknolojia cha IIT Madras kina tawi Zanzibar. Mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India unajenga miradi ya maji katika miji 28. Tangu Mei 2024 kampuni ya Adani ina mkataba wa miaka 30 wa kuendesha gati namba 8 hadi 11 za bandari ya Dar es Salaam. Angalieni tofauti: aliyewekeza gatini ana miaka 30 kwa maandishi, na anayelima kinachopita gatini hana hata msimu mmoja.

Pili, tusiende peke yetu pale tunapoweza kwenda pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005, na ushuru wetu kwa bidhaa za nje ni mmoja. Mauritius, nchi ya watu wachache kuliko wa jiji la Dar es Salaam, imekuwa na mkataba kamili wa ushirikiano wa kiuchumi na India tangu Aprili 2021, wa kwanza kwa India na nchi yoyote ya Afrika. Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja hununua India mafuta yaliyosafishwa, dawa, pikipiki, bajaji na mashine kwa mabilioni ya dola. Mnunuzi wa kiasi hicho ana haki ya kusikilizwa anapouza.

Tatu ni malipo. Tangu Julai 2022 Benki Kuu ya India imeruhusu biashara ya nje kulipwa kwa rupia kupitia akaunti maalumu, na benki za Tanzania zimekwisha kuingia katika mpango huo. Mnakumbuka uhaba wa dola wa mwaka 2023. Kwa kuwa tunanunua mengi kutoka India, rupia tutakazolipwa zina pa kwenda, na wazo lenyewe si geni, maana rupia ilikuwa fedha halali ya pwani hii mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tahadhari yangu ni ndogo: bei ya mnada ibaki kwa shilingi, ili hatari ya kupanda na kushuka kwa rupia ibebwe na benki na mnunuzi, isibebwe na mkulima.

Jambo la mwisho lipo ndani ya uwezo wenu, halihitaji waziri wala balozi. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, serikali ya India hutangaza bei ya chini ya mbaazi kwa wakulima wake. Kuanzia hapo, Wizara yao ya Kilimo hutoa taarifa za eneo lililopandwa, na idara yao ya hali ya hewa hutoa taarifa za mvua za monsuni. Taarifa hizo ni za wazi, ziko kwenye intaneti, na kijana yeyote wa chuo aliyepo hapa anaweza kuzisoma na kuziweka kwa Kiswahili kwenye karatasi moja. Eneo likiongezeka, mvua zikiwa nzuri, na bei ya sokoni kule ikishuka chini ya ile ya serikali, basi zuio liko njiani, na chama kitakachokuwa kimejua hayo mwezi Julai kitauza mapema kwenye minada ya kwanza badala ya kungoja bei ipande. Mwaka 2017 dalili zote tatu zilikuwa zimeonekana miezi mingi kabla ya Agosti, na hapakuwa na mtu wa kuzifikisha Nachingwea.

Napendekeza vyama vilivyopo hapa vichague leo vijana wawili au watatu wa kufanya kazi hiyo, vichangie gharama zao kutoka kwenye ushuru wa chama, na taarifa yao ya kwanza isomwe kabla ghala la kwanza halijafunguliwa msimu ujao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.